Saa Mbili za Kucheza

Mwaka 2007 kijana mmoja wa Kenya, Wesley Kirinya, alitoa gemu ya kompyuta iitwayo The Adventures of Nyangi. Nyangi ni msichana anayesafiri akitafuta vitu vya kale vya Afrika, na gemu yenyewe ilikuwa ya 3D, jambo ambalo wakati ule kwa mtu aliyefanya kazi kubwa akiwa peke yake Nairobi lilikuwa sawa na kuamua kujenga ghorofa kwa koleo moja. Nimekuwa nikikusanya yaliyoandikwa kuhusu Nyangi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Karibu kila habari niliyonayo inasema mambo mawili: kwamba gemu hii ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina yake huku kwetu, na kwamba Nyangi anamkumbusha mtu Lara Croft wa Tomb Raider. Katika rundo langu lote hakuna hata habari moja inayoniambia kama Nyangi anaruka vizuri.

Ukiona swali hilo ni dogo, kaa na mtu anayecheza gemu. Kuruka ndiyo gemu. Kidole kikibonyeza, mwili wa yule msichana unaitika papo hapo au unachelewa? Akianguka shimoni unamlaumu nani, wewe mwenyewe au aliyechimba shimo? Mhakiki wa muziki asiyetaja sauti ya mwimbaji tungemshangaa. Ila kwa gemu za kwetu tumezoea wahakiki wasiocheza.

Kirinya hakuishia hapo. Aliungana na Eyram Tawia wa Ghana, wakaanzisha kampuni ambayo leo inaitwa Leti Arts. Mwaka 2011 Planet Rackus ya Nairobi wakatoa Ma3Racer, gemu ya simu za Nokia ambamo unaendesha matatu kwa fujo ileile tunayoilaani tukiwa abiria. Mwaka 2015 Andrew Kaggia, ambaye tayari alikuwa amejulikana kwa katuni yake Wageuzi iliyowageuza wanasiasa wa Kenya kuwa magari yanayopigana, akaja na Nairobi X: viumbe kutoka angani wameuvamia mji, nawe una bunduki. Gemu hizi tatu hazifanani hata kidogo. Lakini ukisoma zilivyopokelewa utadhani ni gemu moja iliyotoka mara tatu: kijana, Afrika, amethubutu.

Kisa kinachoonyesha jambo hili wazi zaidi ni cha Lual Mayen. Alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kuikimbia vita ya Sudan, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi zikafika dola 300, akamnunulia kompyuta mpakato. Umeme kambini haukuwepo, kwa hiyo alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Kwenye kompyuta hiyo akajifunza mwenyewe kutengeneza gemu, akaunda Salaam, ambayo humtaka mchezaji ahangaikie amani na uhai wa wakimbizi badala ya kuhesabu maiti. Mwaka 2018 alitambuliwa jukwaani kwenye The Game Awards huko Los Angeles. Habari hii imesimuliwa kila mahali, na inastahili. Sasa mwulize yeyote aliyetokwa machozi akiisoma kwamba Salaam inachezwaje, utaona anavyobabaika. Dola 300 za mama zimeing'arisha gemu na papo hapo zimeificha.

Sisemi maisha ya mtunzi yasitajwe. Mimi ni mwanafunzi wa historia, nitakula nini yasipotajwa? Ninachosema ni kwamba wasifu wa mtu ukikaa mahali pa uhakiki, mtunzi anabaki hajajibiwa. Alituuliza jambo kwa kazi ya mikono yake, nasi tukampa pole na hongera.

Mahali ambapo jambo hili lilitafutiwa dawa mapema ni mbali na hapa, na gemu zao hazikuwa hata na picha. Kulikuwa na kampuni ya Marekani iitwayo Infocom iliyotengeneza gemu za maandishi matupu: skrini inakueleza kwamba umesimama mbele ya nyumba, nawe unaandika unachotaka kufanya. Ilifungwa mwaka 1989, soko likahamia kwenye picha. Wapenzi wa aina ile hawakuhama. Waliendelea kuzitunga wenyewe usiku baada ya kazi na kuzigawa bure. Mwaka 1995 mmoja wao, Kevin Wilson, akaanzisha shindano la kila mwaka ambalo linaendelea hadi leo. Mwamuzi anaweza kuwa mtu yeyote. Kanuni ninayoipenda ni hii: unacheza kwa muda usiozidi saa mbili, halafu unatoa alama kuanzia 1 hadi 10. Ukinogewa endelea hadi asubuhi, lakini alama ni ile ya saa mbili.

Huo ni ukomo wa juu, hakuna askari wa kumzuia mwamuzi kuacha baada ya dakika tano. Lakini muda ukishatajwa hugeuka deni. Mtunzi anajua amepewa subira kiasi gani, kwa hiyo hatungi gemu ya siku tatu akategemea huruma. Mwamuzi naye anajua anatakiwa kukaa kitako. Na kwa kuwa gemu zote za mwaka ule ziko mbele ya waamuzi walewale, kazi ya mwalimu aliyetunga usiku inapimwa kando ya kazi ya karani aliyetunga usiku, haipimwi kando ya kampuni yenye wafanyakazi mia tatu. Hapo namba saba ina maana. Namba saba iliyopewa gemu moja iliyosimama peke yake, bila wenzake wa kuipima nao, mimi huwa siielewi.

Mwaka 1998 shindano hilo lilishindwa na Photopia ya Adam Cadre. Ilizua maneno, kwa sababu gemu za aina ile zilijulikana kwa mafumbo: tafuta ufunguo, fungua mlango. Photopia ilikuwa karibu haina fumbo. Ilikuwa hadithi inayokushika mkono ikakupeleka mahali ambapo hukutaka kufika. Je, hiyo ni gemu kweli?

Sisi tuliokaa darasa la Kiswahili ugomvi huu tunaujua kwa jina lingine. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, vina na mizani vikawa na kitabu chao. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi mengi yasiyofuata vina wala mizani, na swali likawa lilelile: je, hili ni shairi kweli? Tunapofundishwa mgogoro huu, wanamapokeo huchorwa kama wazee wakaidi. Sikubaliani. Walikuwa na kipimo ambacho mtu yeyote angeweza kukikagua kwa vidole: hesabu silabi, linganisha vina, sema ukweli. Kipimo cha namna hiyo kina haki yake, maana hakijali mtunzi ni mtoto wa nani. Tatizo lilikuwa kwamba kilifika kabla ya kusoma. Waliomjibu vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka 1979, kwa sababu hawakuishia kutoa hoja. Waliweka na mashairi yao wenyewe kitabu hichohicho, yaani walisema ushairi ni nini kisha wakakubali kupimwa.

Hilo nalo lina mizizi mirefu kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, liliwazoesha watu kumjibu mshairi kwa shairi. Ukitaka kumkosoa mwenzako shurti uingie uwanjani na vina vyako, na wasomaji watakupima nawe. Watu wa gemu walilifikia wazo kama hilo kivyao. Ludum Dare, iliyoanza 2002, huwapa washiriki mada na saa 48 za kutengeneza gemu, kisha wanaotoa alama ni washiriki wenyewe. Aliyelala saa nne kwa siku mbili akihangaika na mlango usiofunguka humhukumu mwenzake aliyehangaika na mlango wake. Hatoi huruma ya bure, kwa sababu anajua mlango unarekebishwaje. Hatoi kejeli pia, kwa sababuhiyohiyo.

Sasa nije Mchombe. Iko bonde la Kilombero, njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na mbuga inayofurika masika upande wa pili. Watu wanalima mpunga. Kizazi changu cha pale kilikutana na gemu kwenye kibanda: runinga mbili, PS2 zilizofungwa mpira wa baiskeli zisianguke, benchi la wanaosubiri zamu. Historia ya uhakiki wa gemu Tanzania, siku ikiandikwa, itabidi ianzie kwenye benchi lile. Anayecheza ni mmoja na wanaotoa hukumu ni saba. Wanajua kipa gani anatoka mapema, pedi ipi kitufe chake cha kupiga kimelegea, kona ipi haizuiliki.

Simu za kugusa zilipoingia, benchi likapata kazi mpya. Gemu ya mpira ya Dream League Soccer inakuruhusu kuingiza jezi yako, mchoro wa pikseli 512 kwa 512, na vijana wakaanza kuchora za Simba na Yanga. Baadaye ikaja gemu ya mabasi kutoka Indonesia, Bus Simulator Indonesia ya mwaka 2017, inayokubali magari yaliyotengenezwa na wachezaji, na mabasi ya njia zetu yakaanza kuonekana kwenye milima ya Java. Watengenezaji wake si kampuni. Ni watu wanaofanya hivyo kwa kupenda, kisha wanarushiana kwa Xender.

Nimewasikiliza vijana wa Mchombe wakizungumzia vitu hivyo, na huo ndio uhakiki mkali na wa haki kuliko wote ninaoujua. Nembo imekaa chini. Wekundu huu si wa Simba, umeenda kwenye zambarau. Basi honi yake sawa, ila breki za upepo zinatoa sauti baada ya basi kusimama wakati zinatakiwa zitoe likiwa linasimama. Hakuna anayeuliza aliyelichora amekulia wapi. Kila mmoja amevaa jezi ile na amepanda basi lile, na kazi imetengenezwa kwa ajili yake yeye. Msimamo wa mhakiki unatoka hapo, kwa kukijua kitu chenyewe na kuhusika nacho.

Ila leta gemu nzima, iliyotungwa mwanzo hadi mwisho na mtu wa hapahapa, na benchi lilelile linapoteza lugha. Ama watacheka, "gemu gani hii, ya enzi za Nuhu", wakiilinganisha na San Andreas, ambayo ilipotoka mwaka 2004 ilikuwa na jeshi la watu nyuma yake. Ama watasema neno ambalo naliona baya zaidi: amejitahidi. Tuliosoma shule zetu tunaujua uzito wake. Ni neno la mwalimu wa darasa kwenye ripoti ya mwanafunzi wa thelathini na nane kati ya arobaini: amejitahidi, aongeze bidii. Mwalimu hakusema uongo, na mzazi hakuambiwa kitu.

Mwaka jana mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinitumia gemu yake. Ameitengeneza kwa Godot, programu ya bure, kwenye kompyuta ya mtumba ambayo skrini yake ina mstari katikati. Unavusha magunia ya mpunga kwa mtumbwi usiku, ng'ambo ya mto, kabla maji hayajapanda. Kuna kiboko. Ujumbe uliofuata haukuhusu gemu: "Dada, nina magunia sita stoo. Nikiyauza napata kompyuta nzuri. Niyauze?"

Hapo ndipo nilipoacha kulichukulia suala hili kama sura ya tasnifu. Hongera ya uongo ingemgharimu mavuno ya msimu mzima. Kejeli ingeweza kumgharimu zaidi, na nisingepata hata risiti.

Niliicheza kwanza kwenye kompyuta yangu chuoni, ikateleza kama samaki. Halafu nikaiweka kwenye simu ya mama, simu ya kawaida ambayo ndiyo iko mikononi mwa watu wa Mchombe, na mtumbwi ukaanza kukatakata. Gemu ya simu iliyosifiwa kutoka kwenye kompyuta ya Dar es Salaam haijasifiwa bado. Nikarudia yote kwenye simu, saa mbili kwa saa ya ukutani. Na nikakumbuka kitu kingine kuhusu neno bure: MB 38 ni bando, na betri inayoisha inachajiwa kwa hela. Mchezaji wa Mchombe halipii gemu, lakini analipa.

Haya ndiyo niliyomwandikia, kwa ufupi. Kwamba nilielewa gemu inataka nini: inataka nichague kati ya kubeba magunia mengi na kwenda polepole, au machache na kurudi mara nyingi, huku maji yakipanda. Kwamba uchaguzi huo ni mzuri na ndiyo roho ya gemu, ila mpaka usiku wa nne hauna maana, kwa sababu magunia mawili mawili yanashinda daima. Nilipiga hesabu na kumwonyesha. Kwamba kiboko anaibuka bila dalili. Mto wa kweli humtangaza, maji hutikisika na pumzi husikika, na mchezaji anayekufa bila kujua alikosea nini hujifunza kuzima simu tu. Kwamba kwenye matete ya upande wa kushoto mtumbwi unanasa na huwezi kutoka, ilinitokea mara tatu. Kwamba maandishi ni madogo kwa macho ya mama yangu. Kwamba vyura, aliowarekodi kwa simu kwenye majaruba ya babu, ni kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye gemu yoyote, na wanaponyamaza ghafla usiku wa tano nilishika simu kwa mikono miwili. Kwamba mtumbwi uliojaa unakwenda taratibu mno, hata kwa mtu mwenye subira.

Kuhusu magunia nilimwambia hiki: kati ya kasoro nilizoziona, ni ya kukatakata tu inayohusu mashine, na hiyo ni ya simu ya mchezaji, kompyuta mpya haitaigusa. Nyingine zote zinarekebishika kwenye kompyuta yenye mstari.

Hakujibu kwa siku tisa. Mama mdogo alinipigia kuuliza nimemwambia nini mtoto, maana anashinda mtoni. Siku ya kumi ikaja gemu mpya, MB 31. Kiboko sasa anapumua kabla ya kuibuka, na pumzi imerekodiwa kweli, sijauliza kutoka umbali gani. Matete hayanasi. Maji ya usiku wa pili yanapanda kwa kasi ambayo magunia mawili mawili hayatoshi, nilijaribu, nikafurika. Ameuza gunia moja, kalipa bando na skrini.

Mwendo wa mtumbwi hakuugusa. "Dada, mtumbwi ukijaa mpunga ndivyo unavyokwenda," aliandika. "Uliwahi kushika upondo?"

Nimewahi, na bado naona ni taratibu mno. Sentensi yangu niliiacha ilivyo kwenye uhakiki, na jibu lake nikaliweka chini yake.